Papasa Waya Kabla Hujaununua
Hotuba iliyotolewa Malindi mbele ya mafundi, wanafunzi wa umeme na wakazi

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari, hamjambo.

Nimekuja na vipande viwili vya waya, na naomba vipite mkono kwa mkono wakati nazungumza. Hiki kinachong'aa kimekatwa kwenye dramu mpya, lile gurudumu kubwa linalozungushiwa waya. Hiki cha kijivu tulikishusha nguzoni upande wa Mambrui miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado kijana wa kubeba ngazi. Ukikitazama kwa mbali huoni kasoro. Nyuzi zote za nje zipo, hakuna uliokatika. Fundi aliyekuwa mkubwa wetu, Mungu amrehemu, alinishika mkono akaniambia, "Usitazame. Papasa." Nikapapasa, nikakuta mahali waya umevimba kama kidole kilichochomwa na mwiba. Akafungua nyuzi za juu kwa koleo, ukamwagika unga mweupe. Ndani ya unga ule palikuwa na chuma chekundu kwa kutu, kimekonda, kimebaki kama sindano.

Waya ule ulikuwa umeliwa kutoka ndani. Aliyeuagiza aliagiza waya wa aina ileile uliokuwa ukitumika bara, mahali pasipo na bahari, na hakuna aliyemuuliza. Nimekaa na kipande hiki nyumbani kwangu miaka yote hii, na leo nimekileta kwa sababu nataka kuzungumza juu ya jambo moja tu: waya wa kupitisha umeme juu ya nguzo uchaguliwe kwa mahali utakapoishi. Sisi tunaishi kwenye chumvi, upepo na jua.

Nianze na swali ambalo watoto huniuliza. Kwa nini nyaya kubwa za barabarani si za shaba, na sote tunajua shaba ndiyo inayopitisha umeme vizuri? Ni kweli. Shaba ikihesabiwa mia kwa mia, alumini inapata kama 61. Lakini iwekeni mizani. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu wa alumini kwa ujazo uleule. Ukitaka waya wa alumini upitishe umeme sawasawa na wa shaba, utaunenepesha mara 1.6 hivi, na bado uzito wake utakuwa nusu tu ya ule wa shaba. Nusu! Maana yake nguzo hazibebi mzigo mkubwa, minara inapungua, na fedha nyingi zinabaki mfukoni. Shaba tena ina wezi wake, hilo halihitaji maelezo hapa.

Tatizo la alumini ni ulaini. Peke yake, ikivutwa kati ya minara miwili iliyo mbali, inanyooka na kulegea. Hapo mwanzoni mwa karne iliyopita mhandisi Mmarekani, William Hoopes, alitengeneza waya wenye nyuzi za chuma katikati na nyuzi za alumini zikiuzunguka moyo ule. Chuma kibebe, alumini ipitishe. Mpaka leo ndio waya unaotumika zaidi duniani kwenye laini ndefu, na mafundi wanauita kwa herufi nne, ACSR.

Wavuvi mlioko hapa mtauelewa haraka kuliko wanafunzi. Mnajua kamba ya makumbi inavyosokotwa: uzi mmoja hauna nguvu, nguvu inatoka kwenye msokoto, na msokoto wa upande mmoja ukizidi, kamba inajipinda yenyewe. Waya huu ni vivyo hivyo. Tabaka la nyuzi linasokotwa kulia, la chini yake kushoto, ili moja limzuie mwenzake asijikunje. Chukua ule unaoitwa Lynx. Una nyuzi 30 za alumini na 7 za chuma, kila uzi una unene wa milimita 2.79. Kilomita moja ina uzito wa kilo 842. Chuma ni kama sehemu moja tu kati ya tano za unene wote, lakini zaidi ya nusu ya nguvu ya waya inatoka kwake. Waya wenyewe hukatika ukivutwa kwa nguvu ya kama tani nane.

Kuhusu majina: Waingereza waliziita nyaya hizi za moyo wa chuma kwa majina ya wanyama, yaani Dog, Wolf, Lynx, Zebra. Zile za alumini tupu wakazipa majina ya wadudu, na zile za alumini iliyochanganywa, majina ya miti. Wamarekani wakachagua ndege na maua. Kijana ukisikia fundi anasema "tumevuta Zebra", usishangae. Anakuambia unene.

Sasa nirudi kwenye kipande cha Mambrui, kwa sababu hapa ndipo roho yangu ilipo.

Metali mbili tofauti zikigusana na kukawa na maji ya chumvi kati yake, mnakuwa mmetengeneza betri. Metali moja inaliwa ili nyingine ipone. Kwenye ACSR chuma hupakwa zinki, na mwanzoni zinki ndiyo inayojitoa, inaliwa polepole ikilinda wengine. Siku zinki ikiisha, alumini na chuma zinabaki zinatazamana, na chumvi ipo katikati. Alumini inaanza kuliwa upande wa ndani, pale inapogusana na moyo. Uchafu wake ndio ule unga mweupe, na unga ule unahitaji nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, ndiyo maana waya unavimba. Alumini ikipungua, umeme unabanwa kwenye nyuzi chache zilizobaki, waya unapata moto. Siku moja, usiku wa upepo, unaanguka. Na unaanguka uani kwa mtu.

Chumvi yenyewe haishuki kama mvua. Inapanda na matone madogo ya mawimbi yanayopasuka, inapeperushwa na Kusi miezi ya katikati ya mwaka, inakaa kwenye nyuzi. Mvua kubwa inaosha uso wa nje wa waya, na mtu akiutazama anasema huu ni safi. Lakini ndani, kati ya tabaka na tabaka, mvua haioshi. Umande unaingia, chumvi inabaki, jua linakausha, kesho yake tena. Kina mama mnaokausha samaki mnaijua chumvi hii. Haitoki kwa kupulizwa.

Je, dawa ni nini? Zipo kadhaa, na nitasema ninavyoziona mimi.

Ya kwanza ni grisi. Waya wa moyo wa chuma unaweza kuagizwa ukiwa umepakwa grisi kiwandani, si moyo peke yake bali tabaka zote za ndani, ukabaki mkavu ule wa nje tu. Ni dawa nzuri na si ghali. Lakini ipakwe kila mahali bila kuruka, kwa sababu pale iliporukwa ndipo chumvi itakapofanya kazi yote. Grisi yenyewe lazima isiyeyuke ikadondoka waya ukipata moto.

Ya pili ni kuuvika moyo wa chuma koti nene la alumini badala ya zinki. Hapo alumini inagusana na alumini, na ile betri inakosa mahali pa kuanzia. Na koti lile linapitisha umeme kidogo pia.

Ya tatu, na hii ndiyo ninayoipendelea kwa laini za masafa ya kati zinazopita kando ya bahari, ni kuacha chuma kabisa. Kuna waya wa alumini iliyochanganywa na magnesiamu na silikoni kidogo, kisha ikapikwa kwa joto mpaka ikawa ngumu. Nyuzi zote ni za aina moja kutoka nje mpaka katikati. Haina moyo wa kuoza. Kwa Watamu, kwa Mambrui, kwa Ngomeni, kwa ufuo wote wa Lamu, hili ndilo swali la kwanza ambalo ningemuuliza anayeleta waya: katikati yake kuna nini?

Sitaki kuwadanganya kwamba waya huu hauna lawama. Unapitisha umeme kwa kiasi cha 52 hivi mahali ambapo alumini safi inapitisha 61, kwa hiyo lazima uwe mnene zaidi kidogo. Na kwa kuwa hauna chuma, unarefuka zaidi kwenye joto. Hilo la kurefuka si dogo, nitalieleza sasa hivi.

Waya wowote ulionyooshwa kati ya nguzo mbili hulegea katikati, hata ukivutwa na ndovu. Waya ukiwa uleule na mvuto uleule, ukiongeza nafasi ya nguzo mara mbili, kulegea kunakuwa mara nne. Sasa ongeza joto. Chukulia minara iliyoachana mita 300, waya wa Lynx umelegea mita 6 katikati wakati wa asubuhi. Mchana jua linapiga, umeme mwingi unapita, waya unatoka nyuzi 30 za joto unafika 75. Katika urefu wote ule umerefuka kama sentimita 24 tu. Mtu atasema, sentimita 24 ni nini? Lakini sentimita hizo hazina pa kwenda ila chini, na katikati waya unashuka kwa zaidi ya mita nzima. Waya usio na chuma utashuka zaidi ya hapo. Sasa fikirieni mlingoti wa jahazi unaopita mkono wa bahari, au lori lililojazwa makuti mpaka juu, au mwembe ambao haujapunguzwa matawi.

Tarehe 14 Agosti 2003, kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, watu wapatao milioni 50 walikosa umeme. Mambo mengi yalichangia, mitambo ya kompyuta ikiwemo, lakini kati ya yaliyoanzisha ni nyaya kubwa za Ohio zilizolegea zikagusa miti ambayo haikuwa imekatwa. Nchi yenye wahandisi wote wale. Kwa hiyo anayechora laini achague waya na urefu wa nguzo kwa pamoja, na ahesabu kwa saa ya joto kali, asihesabu kwa asubuhi yenye baridi aliyokuja kupima.

Na hapa kwetu saa hiyo ina jambo la pekee. Shamba la sola la Langobaya, lenye megawati 40, linatoa umeme mwingi zaidi pale jua linapokuwa kichwani. Yaani waya unaobeba umeme wa jua unabeba mzigo wake mkubwa saa ileile ambayo hewa imeshaupasha. Jenereta ya dizeli haina tabia hiyo. Wanafunzi, liandikeni hilo.

Siku hizi kuna nyaya ambazo moyo wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja. Moyo wa namna hiyo karibu haurefuki kabisa kwa joto, ni mwepesi, na haushiki kutu. Waya unaweza kupata joto hadi karibu nyuzi 180 bila kushuka chini kwa kutisha, kwa hiyo kwenye minara ya zamani unaweza kubadilisha waya peke yake ukapitisha umeme karibu mara mbili. Lakini msikilize vizuri: kaboni ikigusana na alumini kwenye chumvi, ile betri inarudi. Ndiyo maana watengenezaji huizungushia koti la nyuzi za kioo. Koti hilo likipasuka kwa sababu fundi aliukunja waya kama anavyokunja waya wa kawaida, mmerudi Mambrui. Ni waya wa kupokewa na mikono iliyofunzwa, na bei yake ni kubwa. Sisemi tuukatae. Nasema tufunze mikono kwanza.

Upepo nitausema kwa kifupi, ingawa umenikosesha usingizi. Watu wanaogopa tufani. Unaoua waya ni upepo mtulivu, ule wa Kaskazi unaovuma taratibu juu ya tambarare ya Tana pasipo na kilima wala msitu wa kuuvunja. Upepo wa mita 3 kwa sekunde ukipita kwenye waya wa unene wa Lynx unautikisa kama mara 28 kila sekunde. Mtikiso ni mdogo, jicho halioni, ila ukiweka sikio kwenye nguzo utasikia ukiimba. Kwa saa moja ni mara laki moja. Nyuzi zinachoka pale waya unaposhikwa na klampu, zinakatika mmoja mmoja. Dawa ni kutovuta waya kupita kiasi, uvutwe kwa karibu sehemu moja tu kati ya tano ya nguvu yake ya kukatika, na kutundika vile vizito viwili mnavyoviona karibu na minara, vimening'inia kama kengele mbili. Vilibuniwa California miaka ya 1920 na mhandisi aitwaye George Stockbridge. Si pambo, na msikubali laini ikabidhiwe bila vizito hivyo.

Sasa fedha, maana najua kuna wazee hapa wanasubiri tufike hapo.

Umeme unaopotea njiani hutegemea mkondo mara mkondo, mara ukinzani wa waya. Hilo "mara mkondo" la pili ndilo linalotuumiza. Lamu ilikuwa ikiwashwa kwa jenereta za dizeli mpaka ilipofika laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kwa nini 220, na si 33 kama tulizozizoea? Kupeleka megawati 10 kwa kilovolti 33 kunahitaji mkondo wa ampea 175. Kwa kilovolti 220, ampea 26 tu. Kwa waya uleule, upotevu unapungua mara 44. Pasingekuwa na unene wa waya wa kuifikisha Lamu umeme kwa 33 kutoka Rabai.

Lakini laini za 33 ndizo zinazotufikia vijijini, kwa hiyo tufanye hesabu yake. Chukulia kilomita 20, kama kutoka hapa hadi Watamu, na megawati 10 zinapita. Ukivuta waya wa Dog, ulio mwembamba kuliko Lynx, unapoteza njiani kama kilowati 500. Ukivuta Lynx, unapoteza kama 290. Tofauti ni kilowati 210. Kama mzigo huo unapita saa sita tu kila usiku, tangu magharibi hadi usiku wa manane, hizo ni zaidi ya yuniti 1,200 kila usiku zinazopasha hewa moto juu ya minazi. Kila usiku, kwa miaka 40. Na yuniti hizo lazima zilipwe na mtu, na mtu huyo ana mita ukutani.

Sasa kijana mwerevu atasema, basi tuvute waya mnene kuliko wote. Hapana. Lynx ina uzito zaidi ya mara mbili ya Dog. Nguzo zitataka kuwa imara zaidi na za karibu zaidi, na hizo nazo ni fedha. Mwaka 1881 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza namna ya kupata mahali pa katikati: nenepesha waya mpaka gharama ya mwaka ya unene ule iwe sawa na gharama ya mwaka ya umeme unaopotea. Hesabu hii ina zaidi ya miaka 140, na bado nimekaa kwenye vikao ambako zabuni ilishindaniwa kwa bei ya kilomita moja ya waya peke yake, hakuna aliyetaja upotevu, hakuna aliyetaja chumvi. Niliinua mkono. Niliambiwa muda umekwisha. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na dramu mpya kweli inang'aa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wote wenye sauti katika kaunti hizi mbili, Kilifi na Lamu, ni hili. Mradi wa umeme ukiletwa kwa wananchi kujadiliwa, msiulize tu nguzo ngapi na lini. Ulizeni waya gani, moyo wake ni nini, umepakwa grisi tabaka ngapi, na umeme utakaopotea kwa miaka 30 umehesabiwa shilingi ngapi. Mama aliyekaa pale nyuma anaweza kuuliza hivyo sawasawa na mhandisi.

Nyinyi mafundi vijana, neno moja la mikono. Waya mzuri unaharibiwa kwenye maungio. Alumini ikikaa hewani inajivika ngozi nyembamba ngumu isiyopitisha umeme. Usiunge kabla hujaikwaruza kwa brashi ya waya, na uikwaruze ikiwa ndani ya grisi ya maungio, ili ngozi isirudi kabla hujabana. Alumini na shaba zisikutane bila kiungo maalumu cha metali mbili. Na shaba isikae juu ya alumini, kwa sababu maji ya mvua yakipita kwenye shaba yakadondoka juu ya alumini, yanaitoboa. Alumini juu, shaba chini. Nimeona ungio moja lililopuuzwa likizima hospitali usiku kucha. Wauguzi walishika tochi mpaka alfajiri.

Vipande vyangu vimefika wapi? Ndiyo, huyo binti wa mstari wa tatu, hicho cha kijivu. Usikitazame, mwanangu. Fumba macho, kipapase kuanzia upande wa kushoto, polepole, utaniambia umefika wapi.

Hapo hapo. Sasa mpe jirani yako.